Bibi Nakiete Aenda Kushukuru

Msiniulize nchi ya Shwari iko upande gani wa dunia. Waliokwenda hawajarudi kusimulia, na waliorudi wameambiwa hawakwenda. Mimi nawapa niliyoyasikia, na kama kuna mmoja wenu atakayesema "mbona kama namjua huyu," kosa ni lake mwenyewe kujuana na watu ovyo.

Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa shwari kwa mujibu wa sheria. Upepo ukiezua mapaa, redio ilitangaza kwamba kuna shwari yenye mwendo. Kanisa nalo lilikuwa shwari, maana lilikuwa idara kamili chini ya Wizara ya Ibada na Mapigo, likiletewa chaki, mafagio na wachungaji kama idara nyingine zote. Na ndani ya Wizara hiyo palikuwa na Kurugenzi ya Ngoma, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna ngoma inayoingia kanisani kabla haijabatizwa.

Mnacheka? Shwari hawakucheka. Zamani ngoma zote zilichomwa moto kwa kuwa ni za kipagani. Baadaye ikaonekana watu wakiimba bila ngoma wanasinzia, na aliyesinzia hasikii matangazo ya serikali. Wasomi wakakaa vikao, wakapata ufumbuzi: ngoma iletwe, ihojiwe, iyakatae mambo yake ya kale, imwagiwe maji, ipewe jina. Kanisa la Irangwe, huko milimani, lilikuwa na ngoma kubwa iitwayo Gabrieli na ndogo iitwayo Perpetua. Manyanga yalikuwa bado kwenye mafundisho. Baragumu la pembe lilishindwa mtihani wa katekisimu, likarudishwa nyumbani kwa aibu.

Nyimbo za asili nazo Kurugenzi ilizigawa mafungu mawili. Za furaha ziliruhusiwa, baada ya kuvuliwa maneno yake na kuvishwa mengine. Za msiba zilipigwa marufuku kabisa, kwa kuwa Shwari hapakuwa na msiba. Palikuwa na mapumziko. Mtu akifa, Wizara ilileta kanda yenye muziki wa vinanda iitwayo "Mapumziko Mema," ikachezwa kanisani, watu wakaenda zao.

Lakini Irangwe walikuwa na wimbo wao, na huo ndio uliozua haya yote. Waliuita wimbo wa kutoa. Mtu akifa hatoki mpaka aimbiwe. Ngoma hupigwa kwa kiganja, si kwa fimbo, taratibu, na ukifika ubeti wa mwisho wote waliomo ndani hugeuka, huelekea mlangoni, hutoka nyuma ya maiti bila kutazama walikotoka. Anayebaki ameketi ndani, wazee walisema, ameagwa pamoja na marehemu. Na mpaka wimbo huo uimbwe, mtoto wa marehemu hali chumvi. Anakula, ndiyo, lakini chapwa, kwa sababu mzazi wake bado amesimama mlangoni, na nani ataona utamu wa mboga huku mama yake amesimama mlangoni?

Tangu marufuku, watu waliuimba majumbani kwa siri, milango imefungwa, kisha wakapeleka maiti kanisani kusikilizishwa vinanda. Serikali ilijua. Ilijifanya haijui, nao wakajifanya hawajui kwamba inajua. Nchi nyingi huishi hivyo, na huishi salama.

*

Basi ikatokea Mtukufu Mlezi wa Taifa akakwamwa na mwiba wa samaki kooni. Siku kadhaa hakuweza kuhutubia. Nchi nzima ikanyamaza, na kuna wabaya waliosema kimya kile kilikuwa kitamu, lakini hao hawapo tena kuthibitisha. Kisha mwiba ukatoka. Ikatangazwa Wiki ya Furaha ya Taifa, na kilele chake kiwe Jumapili, Mtukufu mwenyewe aje kumshukuru Mungu katika kanisa la Irangwe lenye kwaya bora kuliko zote.

Redio ikasoma masharti. Katika Wiki ya Furaha ni marufuku kulia, kupiga miayo na kukunja uso. Ni marufuku kuchimba kaburi. Kila aliye hai Irangwe afike Jumapili, na mgonjwa abebwe. Vifo vyote vimeahirishwa mpaka Jumatatu saa za kazi.

Akaja Irangwe Mkurugenzi wa Ngoma, Daktari Obadia Mavere, mtu wa miwani na kitambi cha heshima, akifuatana na gari la askari. Aliwakusanya wanakwaya kanisani, akaweka kinasa sauti juu ya madhabahu.

"Ndugu zangu," akasema, "Kurugenzi imezipima kisayansi nyimbo zote za milima hii. Tuliwasikilizisha watu wa kila aina. Kuna wimbo mmoja ambao kila aliyeusikia alilia. Dereva wa Wizara alilia mpaka tukamwondoa kwenye usukani. Sasa nawauliza: katika nchi yenye furaha, mtu hulia kwa sababu gani?"

"Kwa furaha, Mheshimiwa," kwaya ikaitikia.

"Naam! Na ndio wimbo atakaoimbiwa Mtukufu."

Akabonyeza kidude. Ukatoka wimbo wa kutoa. Uliwahi kunaswa na karani mmoja wa Kurugenzi aliyejificha nyuma ya nyumba ya watu, akanasa sauti, akaandika na jinsi watu walivyosimama na kugeuka. Maiti hakuiona, maana ilikuwa ndani.

Namkunda, mwalimu wa kwaya, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito na mdomo usio na breki, alifungua mdomo huo huo, kisha macho yake yakaangukia tarumbeta ya Mzee Kilave iliyotundikwa ukutani. Mzee Kilave ndiye aliyewahi kumweleza ofisa mmoja wa Wizara kwamba wimbo uliochaguliwa kufungulia wodi ya wazazi ulikuwa wa kuhasi mafahali. Alishukuriwa sana kwa mchango wake, akapandishwa lori kwenda semina. Hajarudi. Tarumbeta yake inafutwa vumbi kila Jumamosi na mkewe.

Namkunda akafumba mdomo. Wote wakafumba. Wakafanya mazoezi, wakiruka ubeti wa mwisho kwa kisingizio kwamba koo zimechoka.

*

Alhamisi asubuhi mama yake Namkunda, Bibi Nakiete, ambaye alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, alisikia redio ikirudia masharti ya Furaha. Akatabasamu kwa shida.

"Mwanangu," akasema, "naona nimechagua wiki mbaya."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema. Hao watu wa vinanda sitaki wanikaribie. Unanisikia, Namkunda? Usiniache mlangoni."

"Sikuachi."

Bibi Nakiete akageuza uso ukutani kama mtu anayetaka kupumzika na kelele, na hakuugeuza tena.

Namkunda hakulia. Askari wa Furaha walikuwa wakipita barabarani wakitazama nyuso za watu. Alizima jiko kama ilivyo desturi, akamfunga mama yake kitambaa kichwani, akamwita mjomba wake Senzota, na kwa pamoja wakampeleka zahanati ili kifo kiandikwe.

Tabibu akapima. Akatazama dirishani. Akapima tena, kana kwamba mapigo yangejirudi kwa kumhurumia yeye.

"Amelala," akasema.

"Amelala!" Mjomba Senzota akaruka. "Wewe tabibu, una wazimu? Dada yangu amekufa!"

"Mzee wangu, punguza sauti. Mimi nina watoto. Amelala usingizi mzito. Mzito mno. Nina chumba cha baridi, atalala humo vizuri mpaka Jumatatu, kisha Jumatatu tutaona amefikia wapi."

Namkunda alitoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mchungaji Ndekirwa, alikofikia Mkurugenzi. Alijua anachokwenda kusema, na alijua lori la semina limeegeshwa nyuma ya kanisa, maana alilipita.

Daktari Mavere alikuwa mezani, paja la kuku mkononi. Mchungaji alikuwa pembeni akiwatazama kuku wake wakiisha.

"Mheshimiwa," Namkunda akasema akiwa bado mlangoni, "ule wimbo ni wa maiti."

Paja likasimama njiani. Mchungaji akaanza kuitazama picha ya ukutani kana kwamba imetundikwa sasa hivi.

"Nani mwingine anajua?" Mavere akauliza polepole.

"Irangwe nzima."

"Na mmenyamaza?"

"Tulimkumbuka Mzee Kilave."

Ratiba ya ibada ilikwisha kupelekwa Ikulu, ikasomwa, ikatiwa sahihi na mkono wa Mtukufu mwenyewe, hatua kwa hatua. Kuubadilisha wimbo ni kumwambia Mtukufu kwamba ametia sahihi mazishi yake.

"Atakayempelekea habari hiyo ni nani?" Mavere akauliza. "Mchungaji?"

"Mimi nina mafua, Mheshimiwa."

Kisha, polepole, uso wa Mavere ukakunjuka. Alifuta mikono, akasimama, akabadilisha sauti ikawa ya jukwaani ingawa walikuwa watu watatu.

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natangaza kuwa tangu leo Alhamisi wimbo huo ni wa furaha. Utaimbwa Jumapili kwa ukamilifu, na matendo yake yote kama yalivyo kwenye ratiba. Ukipungua hata ubeti, kwaya nzima itapanda lori. Na baada ya Jumapili utakuwa mali ya furaha ya taifa. Atakayeuimba penye maiti, hata chumbani kwake, atashtakiwa kwa kuchafua furaha."

Namkunda akaona kiza. Basi Jumatatu hapangekuwa na wimbo. Jumatatu mama yake angetolewa kwa vinanda, na angebaki mlangoni milele, naye mwanawe angekula chapwa mpaka siku yake mwenyewe.

"Wimbo hausikii amri, Mheshimiwa," akasema. "Ukiimbwa pasipo maiti unajitafutia. Wazee ndivyo wanavyosema."

"Unajitafutia nani?"

"Aliyebaki ameketi."

Na kwa itifaki ya Shwari, kanisani Mtukufu huketi mwanzo hadi mwisho.

"Ushirikina huo!" Mavere akafoka.

"Basi niruhusu nimlete mama yangu. Amekufa asubuhi hii. Nimwimbie yeye, Mtukufu asikilize tu, usimguse."

"Hakuna aliyekufa!" Mkurugenzi akapiga meza, mifupa ya kuku ikaruka. "Shwari haina mtu aliyekufa wiki hii, takwimu ninazo! Mama yako yu hai kama mimi! Na kama yu hai, na yeye aje kushukuru! Tangazo halikusema kila aliye hai afike, na mgonjwa abebwe? Hebu mbebe basi, tumwone!"

Namkunda akamgeukia Mchungaji.

"Baba Mchungaji, umemsikia Mheshimiwa?"

"Nimemsikia, mwanangu," Mchungaji akasema kwa sauti ndogo. Akakohoa. "Lakini nina mafua."

*

Ijumaa na Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi mpaka ubeti wa mwisho, na hakuna aliyelalamikia koo. Mjomba Senzota alipewa kazi ya kuchimba shimo nje ya kanisa, karibu na makaburi, ambamo Mtukufu angepanda mti wa kumbukumbu. Alilichimba refu kidogo.

"Mti gani huu wa kulazwa?" akauliza askari aliyekuja kukagua.

"Mizizi, afande. Huu una mizizi mirefu."

Askari akaridhika, akaenda zake. Jioni Namkunda aliletewa ugali na mchicha na jirani, akala bila chumvi. Alijiuliza kama akili yake i timamu, na kama mama yake, aliyewahi kumchapa kwa kuchelewa ibada, angekubali mzaha wa namna hii. Akajibu mwenyewe kwamba si mzaha. Mzaha ni ule wa redio.

Jumapili ikafika na vipaza sauti vyake. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wamevaa vizuri, nyuso zimenyooshwa kwa nguvu. Katikati ya foleni kulikuwa na kitanda cha kamba kimebebwa na mjomba Senzota na wapwa zake kutoka zahanati, na juu yake Bibi Nakiete amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, kitambaa chake kizuri kichwani. Foleni nzima ilijua. Watu walimwamkia, "Shikamoo bibi," wakatazama mbele.

Getini palikuwa na askari mmoja mwenye uso wa kimilima.

"Huyu vipi?"

"Mgonjwa," akasema Namkunda. "Amekuja kushukuru."

Askari akagusa mkono wa bibi. Akauondoa wake upesi.

"Mama, huyu ni..."

"Ni nini?" Namkunda akamkazia macho. "Sema, afande. Maliza."

Kipaza sauti juu ya vichwa vyao kikatangaza kwamba hadi asubuhi hiyo wananchi wote wa Shwari walikuwa hai na wenye furaha. Askari akamtazama mkubwa wake aliye mbali kidogo. Akamtazama bibi.

"Ni mgonjwa," akasema. Akachukua kibendera cha karatasi kwenye sanduku la vibendera, akakichomeka katikati ya vidole vya Bibi Nakiete. "Wagonjwa mbele, wanapoonekana na kamera."

Hivyo ndivyo Bibi Nakiete alivyopata nafasi ambayo mawaziri waliigombania, chini kabisa ya kiti cha Mtukufu.

*

Mtukufu Mlezi aliingia. Namkunda hakuwahi kumwona kwa karibu. Kwenye picha alikuwa jitu. Hapa alikuwa mzee mdogo ndani ya joho kubwa, skafu shingoni kulinda lile koo. Aliketi. Mchungaji Ndekirwa akasoma zaburi, mafua yake yamepona. Daktari Mavere akahutubia. Alisema kwamba mwiba ule ulikuwa mwiba wa maadui wa maendeleo, na kwamba koo la Mtukufu ndilo koo la taifa, na kwamba taifa lilipokuwa halimezi, naye alikuwa hamezi. Kisha akainua mkono.

"Sasa, wimbo wetu wa asili wa furaha!"

Namkunda akasimama mbele ya kwaya. Nafasi ya kujiokoa ilikuwapo bado. Angeweza kuanzisha wimbo wowote wa kitabuni, wakaimba, wakapiga makofi, na pengine asipelekwe mbali sana. Kwaya ilimtazama. Mavere alimtazama. Alitazama kibendera mkononi mwa mama yake, jinsi kilivyokuwa kikitikisika kwa upepo wa mlangoni, na hasira ikampanda mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Akashusha mkono.

Gabrieli, ile ngoma kubwa, akaitika kwa kiganja.

*Nenda mama, nenda,*
*jiko tumelizima,*
*mlango tumeuacha wazi.*
*Nenda usitazame nyuma,*
*nasi hatutazami.*

Mwanzoni Mtukufu alikuwa akitikisa kichwa kufuata mapigo, na mawaziri wakatikisa vyao. Ulipofika ubeti wa pili kichwa chake kikasimama. Vya mawaziri vikasimama baadaye kidogo, kwa mpangilio wa vyeo. Mtukufu alizaliwa milima hiyo hiyo, upande wa pili. Mama yake mzazi alizikwa kwa bendi ya shaba na mizinga, kwa kuwa Wizara ilisema wimbo wa kutoa haufai kwa mama wa taifa.

Akamwinamia Mkurugenzi. Namkunda alikuwa karibu, akasikia kila neno.

"Huu ni wimbo gani?"

"Wa furaha, Mtukufu."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi, Mtukufu."

Mtukufu akashusha macho, yakatua kitandani.

"Na huyu?"

"Mgonjwa, Mtukufu. Amekuja kushukuru kwa ajili yako."

Mzee yule akainama, akagusa unyayo wa Bibi Nakiete uliotokeza kwenye shuka. Mkono wake ukabaki hapo. Kisha akainua uso kwa Namkunda.

"Wewe. Huyu yu hai?"

Sauti za kwaya zikashuka zikawa mvumo tu midomoni. Gabrieli aliendelea, pole, pole. Mavere alikuwa nyuma ya kiti akimtikisia Namkunda kichwa, ndiyo, sema ndiyo, macho yakimtoka.

"Amekufa, Mtukufu," akasema Namkunda. "Ni mama yangu. Amekufa tangu Alhamisi."

"Ana maana amepumz..." Mavere akadakia.

"Amekufa!"

Neno hilo halikuwa limesikika hadharani Shwari wiki nzima. Mama mmoja nyuma huko akaangua kilio, na mwingine akampokea. Namkunda hakungoja jibu la mtu. Alianzisha ubeti wa mwisho kwa sauti yake yote, na Irangwe nzima, kwaya na waumini, wazee na waliobebwa migongoni, ikasimama na kumgeuzia mgongo Mtukufu Mlezi wa Taifa.

Kumgeuzia Mtukufu mgongo ni uhaini. Namkunda, naye amekwisha kugeuka, alisikia bunduki zikikokiwa kando zote za kanisa. Aliimba. Aliwaza, sasa. Sasa hivi. Alisikia karatasi ikifunuliwa kwa pupa, kisha sauti ya mkuu wa askari, ya mtu anayesoma kwa kidole:

"Subirini. Hatua ya saba. 'Waumini watageuka, wataelekea mlangoni, watatoka.' Sahihi ya Mtukufu. Shusheni silaha! Ni ratiba!"

Silaha zikashuka. Mjomba Senzota na wapwa zake wakainua kitanda. Watu wakaanza kutoka nyuma ya Bibi Nakiete, hatua za polepole, na hakuna aliyetazama nyuma. Nyuma yake Namkunda alisikia kiti kikubwa kikilia, kama mtu anayeinuka. Alisikia Mavere akinong'ona, "Itifaki, Mtukufu. Hutoki mpaka uimbiwe." Kiti kikalia tena.

Namkunda kugeuka hakugeuka. Ningeweza kuwaambia mzee yule alikuwa na uso gani, lakini aliyenisimulia naye hakutazama.

*

Walimzika mahali pa mti. Mchungaji Ndekirwa aliwafuata hadi shimoni, ingawa hakuna aliyemwita, akasema maneno ya udongo kwa udongo bila kikohozi hata kimoja. Watu walilia wazi, kwa sauti, machozi ya wiki nzima na ya miaka kabla ya wiki hiyo. Mjomba Senzota alifungua jani la mgomba, akatoa punje ya chumvi ya mawe, akamwekea Namkunda ulimini kama inavyompasa mjomba.

"Ametoka," akasema. "Kula, mwanangu."

Chumvi ikamuunguza ulimi, na ndipo Namkunda alipolia. Alilia akiwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kama mtoto.

Hapo akaja mtu mbio kutoka kanisani. Alikuwa yule askari wa getini.

"Mwalimu! Mwalimu wa kwaya! Mtukufu hawezi kutoka! Itifaki inasema hutoka akiimbiwa, na waimbaji wote mko huku. Kule wamebaki mawaziri, na hakuna anayejua wimbo. Mkurugenzi anapiga makofi peke yake. Anasema mrudi upesi, mmwimbie atoke!"

Namkunda akafuta uso kwa kiganja. Kutoka pale alipokaa aliona pua ya lori la semina ikichungulia pembeni mwa kanisa. Alijua litawashwa kabla ya jua kuzama na alijua nani atapanda wa kwanza. Hofu ilirudi, akaiona inakuja, akaiachia nafasi ikae pembeni yake. Ladha ya chumvi ilikuwa bado mdomoni.

"Tukishatoka hatugeuki, afande," akasema. "Lakini mwambie asingoje kuimbiwa. Mwambie atoke tu. Mwambie mlango tumeuacha wazi."

Askari akageuka nusu, akasimama. Midomo yake ikacheza, ikiumalizia ubeti bila sauti. Akatazama kanisani, mlango ule mkubwa ukiwa wazi na hakuna anayetokeza. Akatazama kaburi.

"Mama yangu walimtoa kwa kanda," akasema.

Akavua kofia, akaketi chini kando ya Namkunda, akamnyooshea mjomba Senzota kiganja, kuomba chumvi.